Glasgow ya Seyyid Barghash: nimekosea skeli au nimekosea meli?

Mtoto_wa_Malindi

Assalamu alaykum wakubwa na wadogo. Naombeni msaada maana nshachoka na mbao nshatia hasara. Mie natengeneza vyombo vidogo, si biashara, mapenzi tu, nlianza na vidau vya kushindanisha pwani kama watoto wote, tanga la mfuko wa nailoni, nkapanda kwenye majahazi, sasa nimeingia kwenye manowari na hapo ndo nlipokwama.

Nataka kuitengeneza Glasgow, ile meli ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, waliyoizamisha Waingereza hapa bandarini Unguja tarehe 27 Agosti 1896, siku waliyoipiga kasri kumtoa Seyyid Khalid aliyekalia kiti cha usultani. Bibi yangu alikuwa akisema mamake kaidiriki milingoti yake mitatu imechomoza majini mbele ya mji, watu washaizoea kama minazi, mpaka walipokuja kuivunja 1912. Mie tokea mdogo nlikuwa na hiyo milingoti kichwani.

Basi nkatafuta mtandaoni nkapata ramani imeandikwa HMS Glasgow, nkafurahi bila ya kusoma, nkaenda kuiprinti stesheneri karatasi sita nkaziunga kwa selotepu, skeli 1:100. Mkuku, ule uti wa chini, wa mninga, mataruma, zile mbavu za ndani, plaiwudi, mbao za ubavuni za mfenesi nimezipasua mwenyewe. Miezi mitatu. Mwili umetoka sentimita 76 na wallahi umependeza.

Juzi usiku nkaizumu picha ya zamani ya meli yenyewe ipo nangani, pana mtu kasimama kwenye sitaha. Nkasema hebu. Nkachonga mtu wa njiti, milimita 17, yaani mita moja na sabini, nkamsimamisha kwenye meli yangu. Kapotea! Kwenye picha mtu anaonekana mtu, kwangu mie kama sisimizi juu ya jahazi. Nimepima mara tatu. Nimekosea skeli au nimekosea nini?

Fundi_Mkokotoni

Waalaykumu salaam mwanangu. Skeli hujakosea, umekosea meli. Ziko Glasgow mbili na watu kila siku wanazitia chungu kimoja.

Hiyo ya ramani yako ni manowari ya Mwengereza khasa, ya mbao, inakwenda kwa matanga na rafadha, ile panka ya mashine, ilishushwa majini 1861 na baadae ikaletwa pande zetu hizi kuwa meli ya amirali. Sasa kile kimbunga cha 1872, kile kilichong'oa mikarafuu na minazi ya Unguja, kiliziua na meli za Seyyid Barghash zote. Alipotaka nyengine akasema nataka kama ile Glasgow ya Waingereza. Akaiagiza Scotland, Dumbarton, kwa William Denny na nduguze, ikashushwa majini 1878, bei pauni 32,735. Kama ile maana yake sura, si kipimo. Ni sawa na mtu wa Mwanakwerekwe akamwambia fundi nijengee baraza kama la Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani, fundi atajenga, lakini usichukue ramani ya Beit al-Ajaib ukaipima nyumba ya Mwanakwerekwe.

Tazama na silaha utaelewa. Ya Seyyid ilikuwa na mizinga saba tu, ya risasi ya ratili tisa, ya kushindilia mdomoni, na Gatling moja, bunduki ya kuzungusha, ya midomo tisa, aliyopewa zawadi na Malkia Victoria. Ile ni meli ya fahari, ya kupandisha bendera, na inasemekana ilipofika mwenyewe hata hakuipenda, ikakaa nangani miaka yote. Siku ya vita ndo ikaipiga St George kwa vimizinga hivyo. St George manowari ya chuma, ya amirali Rawson. Kama kumrushia ng'ombe embe changa. Ikajibiwa, ikazama.

Usiuvunje huo mwili uliouchonga! Umalize uwe HMS Glasgow ya Mwengereza, maana na yenyewe ilikuja hapa na ndo mama wa hadithi yote. Halafu anza ya Seyyid upya, ziweke mbili pamoja kwa skeli moja, kila atakaeingia ndani mwako atafahamu bila ya kusomeshwa.

Mtoto_wa_Malindi

Ami ahsante lakini umeniua. Miezi mitatu nilikuwa namchongea Mwengereza bure?? Huku ndo yeye aliyeizamisha yangu 😭

Na hiyo ya Seyyid ramani ntaitoa wapi?

Fundi_Mkokotoni

Ramani nyingi za Denny ziko makumbusho ya bahari ya Greenwich, London. Waandikie imeili kwa adabu, uliza kwa jina la mjenzi na mwaka na useme ya Sultani wa Zanzibar, usiulize Glasgow peke yake, maana meli zenye jina hilo tele, watakuletea mpaka ile ya vita vya Hitler. Wakiwa nayo watakwambia bei ya kopi. Wakikosa ndo utafanya kazi kwa picha. Na hapa kwetu usipite mbali, nenda jumba la Nyaraka pale Kilimani, vaa vizuri, chukua kitambulisho na penseli.

Hawa Denny ndo walioimalizia Cutty Sark ile maarufu baada ya walioianza kufilisika. Na 1883 wakajenga birika refu la maji ndani ya jumba, kazi yake kuburura vimeli vya nta wapime vinavyopasua maji kabla hawajajenga kubwa. Birika mpaka leo lipo, limekuwa makumbusho. Kwa hiyo ukiambiwa na watu wa mtaani kwamba mtu mzima unacheza na vimeli, wajibu hivyo.

Karafuu_Wete

Salaam kutoka Pemba. Mie nafanya kwa picha tu sijawahi kuona ramani hata siku moja, nkwambie navyofanya.

Kwanza ijue picha yako ya lini. Tazama nyuma. Ukiiona Beit al-Ajaib basi ni baada ya 1883. Ukiuona mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, haujashikana nalo, hiyo ni kabla ya mizinga ya 1896, maana mnara ule uliharibika siku ile, ule wa pili wenye saa, ulioungana na jumba, ulijengwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo ukiletewa picha mnara uko katikati ya uso wa jumba na mbele yake meli nzima inaelea halafu unaambiwa hiyo Glasgow, muongo huyo, wakati huo Glasgow iko chini, milingoti tu ndo iko juu.

Pili usimpime mtu. Mtu anainama, mwengine mfupi, mwengine kapanda kasha. Pima ngazi za kamba, zile wanazopandia mabaharia mlingotini. Nafasi ya kamba na kamba ni hatua ya mguu, meli nyingi za wakati ule ni inchi 15 au 16, tuseme sentimita 38 mpaka 40. Hesabu ngazi 20, pima urefu wake kwenye picha, gawa kwa 20, hapo umepata rula yako, na kosa dogo la jicho limejigawa. Mie nliwahi kupima ngazi moja moja kwa rula ya skuli, chombo kikatoka na mlingoti wa mbele mrefu kuliko wa kati, ikawa kichekesho.

Tatu, rula hiyo inafaa pale pale mlingotini tu. Meli ikiwa imekaa upande kwenye picha, omo, yaani mbele, iko karibu, tezi, yaani nyuma, iko mbali, basi rula ya mlingoti wa mbele haipimi wa galmi, ule wa nyuma. Tengeneza rula tatu, kila mlingoti na yake. Ukiona zote tatu zinalingana ujue umepata picha ya ubavu kamili, hiyo ishike kama dhahabu.

Ile picha ya baada ya kuzama, ya milingoti, wengi wanaidharau, mie naipenda kwa sababu hakuna anaebishana ni meli gani. Ila chombo kimeinama na maji yanapanda na kutoka, usichukue urefu kutoka kwenye maji, chukua kutoka juu kushuka.

Ukishindwa kabisa njoo kwa Pegasus kama mie, manowari ya Mwengereza. Iliyopigwa na Königsberg ya Mjerumani 20 Septemba 1914 hapo hapo bandarini Unguja, ilikuwa imetulia inatengeneza mashine. Mizinga minane ya inchi 4, mwenzake kumi ya sentimita 10.5 na inafika mbali zaidi, ilikuwa haina pa kwenda. Raha yake kwa fundi ni kuwa zilijengwa 11 za aina moja, ukikosa picha ya Pegasus unatazama dada zake. Na mzinga wake uko Fort Jesus Mombasa, wa Königsberg nao upo, unaenda na mita yako unapima chuma chenyewe kwa mkono. Ila tahadhari ya rangi: picha zake nyingi ni za zamani, mwili wenye rangi ya fahari na dohani za manjano. 1914 zilikuwa za kijivu mtindo mmoja. Mie nlipaka nyeusi na manjano nkafurahi, halafu nkaja kukwangua yote kwa msasa.

Mzamiaji_Shangani

Na mie niingie. Glasgow nshaizamia. Usitarajie kuona meli, waliivunja na vipande vyengine wakaenda kuvitupa baharini, viliobaki chini ni vya kuokoteza macho. Kipimo cha maana hupati. Na usije ukapanda na kipande mkononi, kiache pale pale, na hapo ni njia ya boti, usiende bila ya wenyewe.

Mtoto_wa_Malindi

Karafuu umenifungua macho. Nimehesabu ngazi usiku huu na milingoti mitatu imenipa rula tatu mbali mbali, kwa hiyo picha yangu imekaa upande, sikuwa najua kabisa. Suala la mwisho: kamba na mizinga mnafanyaje? Uzi wangu una manyoya, ukitazama karibu mlingoti kama umevaa sufi. Na mzinga wa ratili tisa tundu lake inchi tatu, kwa 1:100 halifiki hata milimita moja, keekee gani itatoboa hapo?

Bi_Kofia

Hili ntalijibu mie mwanangu, nyinyi wanaume mnakwenda mbali wakati kitu kiko ndani. Chukua uzi wa kushonea kofia, ule mwembamba uliosokotwa barabara, usichukue wa cherehani. Upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili, halafu uvute kati ya vidole mpaka upate joto, manyoya yote yanalala. Usiuchome kwa kiberiti kama anavyofanya mwanangu, unaungua katikati hujui, unakuja kukatika siku unayoukaza. Weka rangi mbili: mweusi kwa kamba zisizotembea zinazoshika mlingoti, na rangi ya makumbi kwa kamba za kuvutia tanga. Na vifundo vya ngazi usivigundishe na supaglu, inafanya ukungu mweupe. Tia tone la gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji kwa ncha ya sindano. Mie kofia moja inanichukua miezi, msiniambie ngazi za kamba ni kazi.

Fundi_Mkokotoni

Bi umemaliza. Mie naongeza mzinga: nunua duka la dawa sindano mpya ya bomba, ile nene, mpya nasema, usiokote. Ikate ncha kwa tupa, tundu tayari liko ndani, kisha unenepeshe upande wa nyuma kwa uzi na gundi, piga msasa, paka nyeusi. Gatling vunja waya wa chaja mbovu, ndani mna nyuzi za shaba nyembamba, tisa zifunge kwa uzi mmoja. Foromali, ile miti ya kushikia tanga, na milingoti midogo ya juu tumia chelewa za ukuti uliokauka mtini, usizichukue mbichi zinapinda. Mlingoti mkubwa na ule wa maji unaolala kule omo, vijiti vya mishikaki vya Forodhani vinatosha, uvioshe tu visinuke.

Mtoto_wa_Malindi

😂😂 Ndani mwangu mna vijiti vya mishikaki vya mwaka mzima, leo vimepata kazi.

Basi nimeamua. Mwili wa Mwengereza nimeupandisha juu ya kabati, ntaumalizia baadae ami, usinikasirikie, kwanza ya Seyyid. Imeili ya Greenwich nshaipeleka kwa jina la Denny na 1878. Nnavyosubiri nakata mataruma kwa karatasi ngumu kwanza, si mbao, nikikosea nachana. Bi Kofia, uzi huo unauzwa wapi Mjini, Darajani au Mkunazini? Na mnauza kwa kibunda au kwa kipande?

Bi_Kofia

Usinunue. Pita Mkunazini alasiri uulize Bi Kofia, vibaki vya uzi nnavyo mfuko mzima. Nta njoo na yako.