Land Rover 88: nibadili difu, niweke ovadraivu, au niiache ilivyo?

Mzee_wa_88 (Arusha)
Wakuu habari zenu. Nina Land Rover Series III fupi (88 ni inchi kati ya ekseli mbili), injini ya petroli lita 2.25, tairi 7.50-16. Naipenda sana ila nikiishika Moshi road kwenye 80 kwa saa injini inalia kama mashine ya kusaga, mpaka mama watoto anaziba masikio. Nasikia ukitoa difu (gia za ndani ya ekseli) za 4.7, yaani propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu, inazunguka mara 4.7 magurudumu yakizunguka mara moja, ukaweka za Range Rover ya zamani za 3.54 inatulia. Wengine wanasema tafuta ovadraivu, ile gia ya ziada ya kupunguza mzunguko wa injini. Kazi nafanya mwenyewe nyumbani, jeki na stendi ninazo. Halafu kitu kingine ambacho sidhani kinahusiana, four wheel yake inakaba sana, nimeacha kuitumia siku nyingi.

Fundi_Mpole
Kwa tairi hizo, 80 na difu ya 4.7 injini iko kama mizunguko 2,900 kwa dakika, na 3.54 inashuka kwenye 2,200 hivi. Utafurahi tambarare, ila kila gea inakuwa ndefu (nzito mlimani) hata low, ile ya nguvu, na breki ya mkono inapungua nguvu maana kwenye hizi gari inakamata propela, sio magurudumu. Spidi mita nayo itakudanganya, ukisoma 60 ujue uko 80.

Kitonga_Kwa_Pili
Mimi nilibadili kwenye dizeli, nilijuta. Mlima Kitonga nilipanda na gea namba mbili lori la mbao likanipita, utingo akanipungia mkono. Kwa 2.25 heri ovadraivu mzee, ile ya kampuni ya Fairey inakaa nyuma ya transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), inashusha mzunguko kama robo hivi na ukifika mlimani unaitoa. Shida kuipata nzima, nyingi zinazouzwa zimeshakufa bearing.

Spea_Grogan (Nairobi)
Kitonga amesema ukweli, ila petroli si dizeli. Na 88 ina bahati, difu zote mbili zinatoka mzima mzima kama kichwa, ile 109 ndefu yenye Salisbury (difu ya aina nyingine) nyuma ndio balaa, pale huchomoi kitu, mpaka upime krauni na pinioni, gia zenyewe, ndani ya ekseli. Nyuma ni kazi ya asubuhi moja: mwaga oili, fungua bolti sita kila upande uvute hafu shafti (shafti ya kutoka difu hadi gurudumu), toa propela, halafu nati za kuzunguka kichwa. Shikilia na jeki usilale chini yake, kile chuma ni kizito. Mbele ndio utakesha kwa sababu lazima ufungue hadi swivo, ile nundu inayokunja gurudumu. Ukinunua chukua yenye meno kumi ya shafti kama yako, za miaka ya mwisho zina 24, haziingii.

Fundi_Mpole
Mzee kabla hujanunua chochote hebu pima kwanza. Hiyo four inayokaba imenitia wasiwasi. Weka kabari nzito kwenye magurudumu mengine maana breki ya mkono utaiachia, gea nyutro, four itoe. Inua gurudumu MOJA la nyuma, piga alama ya chaki kwenye propela, zungusha gurudumu mara mbili kamili uhesabu propela (mara mbili kwa sababu lenzake limeshikwa chini, ni sawa na yote mawili kuzunguka mara moja). Ikienda karibu tano ni 4.7, ikienda tatu na nusu ni 3.54. Kisha rudia mbele.

Mzee_wa_88 (Arusha)
Nimetoka chini ya gari sasa hivi, mikono yote grisi. Nyuma imeenda pungufu kidogo ya tano. Mbele TATU NA NUSU. Nimerudia mara tatu, mara ya tatu kijana wangu ndio anahesabu, jibu lile lile.

Spea_Grogan (Nairobi)
Kumbe! Basi aliyekuwa nayo kabla yako mbele iliwahi kuvunjika akatupia ya Range Rover akanyamaza. Ndio maana four inakaba, mbele na nyuma zinashindana; usiiweke tena hata kwenye tope, utavunja kitu. Lakini ona, kazi ngumu ya mbele ulishafanyiwa, umebakiza kichwa kimoja tu cha nyuma.

Kitonga_Kwa_Pili
Haya mimi na ovadraivu yangu naondoka 😂 Ila mzee, kwa mlimani jiandae kisaikolojia.

Mzee_wa_88 (Arusha)
Mlimani naenda mara ngapi kwa mwaka? Spea, nicheki inbox, hiyo ya meno kumi unayo?