Nimechoka katika huduma na maombi yangu hayakujibiwa: je, huu ni utii bado?

Mwimbaji wa Safu ya Nyuma aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimeokoka miaka mingi iliyopita, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nikihudumu: kwaya, shule ya Jumapili, kuwatembelea wagonjwa, mikesha, pamoja na kila pengo lililokosa mtu wa kuliziba. Wakati huo wote nilikuwa nikiombea jambo moja la familia yangu, kwa kufunga na kwa machozi, nikiamini kwamba Mungu hawezi kumwacha mikono mitupu mtu anayemtumikia kwa uaminifu. Jambo hilo limeisha vibaya, wala halirekebishiki tena.

Imani sijaiacha. Lakini nikipiga magoti sina la kusema, na kanisani ninakwenda kwa sababu jina langu limo katika ratiba. Wenzangu niliowaeleza wananihimiza niongeze maombi nisije nikampa Ibilisi nafasi. Je, utii wa mtu aliyechoka na kuvunjika moyo ni utii, au ni unafiki? Na nikiomba kupumzika katika huduma, nitakuwa nimerudi nyuma?

Msomaji wa Zaburi alijibu:

Pole sana, mpendwa. Nianze na hilo la unafiki, kwa kuwa ndilo linalokutesa bila sababu. Mnafiki huficha hali yake ili asifiwe, ilhali wewe umeieleza yako waziwazi. Simoni Petro, katika Luka 5, alimwambia Yesu bila kumung'unya maneno kwamba walikuwa wamefanya kazi usiku kucha wasipate kitu, kisha akazishusha nyavu kwa sababu tu aliyeagiza ni Yesu. Malalamiko na utii vilitoka katika kinywa kimoja, na Bwana hakumkemea kwa lile la kwanza.

Kuhusu kupumzika, soma 1 Wafalme 19 polepole. Eliya, baada ya ushindi mkubwa wa mlima Karmeli, alimkimbia Yezebeli hadi jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Mungu hakumwagiza afunge wala akeshe. Alimwacha alale, akamtuma malaika mwenye mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, na sababu aliyoitoa malaika ni kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mazungumzo yake na Mungu katika mlima Horebu yalikuja baada ya hapo, na hata huko Eliya aliruhusiwa kurudia manung'uniko yaleyale mara mbili. Alikuwa akidai kwamba amebaki peke yake, naye akajulishwa kwamba wako watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti, tena akaagizwa amtie mafuta Elisha awe nabii mahali pake.

Musa naye, katika Hesabu 11, alimwambia Mungu kwamba watu wale ni mzigo asiouweza, na kwamba ni afadhali auawe. Alipewa wazee 70 wa kuubeba mzigo pamoja naye. Wote wawili waliomba kifo, na hakuna aliyepewa alichokiomba. Walipewa chakula, usingizi na watu. Kwa hiyo wanaokushauri uongeze maombi wana nia njema, ila sidhani kwamba wameisoma sura hiyo ya Eliya hadi mwisho.

Mzee wa Kanisa alijibu:

Ninakubaliana na ndugu aliyetangulia, isipokuwa ninaona kwamba pumziko peke yake halitaondoa kinachouma. Umesema uliamini kwamba Mungu hamwachi mtumishi mwaminifu mikono mitupu. Nisamehe nikilisema hili mapema kuliko inavyopasa, lakini imani ya namna hiyo huigeuza huduma kuwa kibarua, na siku ujira usipotoka mtu hujiona amedhulumiwa na Mungu mwenyewe. Waebrania 11 inawataja waliookoka makali ya upanga kwa imani, na mistari michache baadaye inawataja waliouawa kwa upanga, nao pia wakishuhudiwa kwa imani yao. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliokuwa ukimtesa uondolewe na haukuondolewa. Kule Getsemane Yesu aliomba kikombe cha mateso kimwondokee, nacho hakikuondolewa, ingawa aliyeomba hakuwa na dosari yoyote ya utii.

Pumzika, basi, ila uage kwa utaratibu: mwone mchungaji, kabidhi kazi kwa mtu anayejulikana, na ibada ya Jumapili usiiache. Kukaa kwenye benchi bila jukumu lolote si kurudi nyuma.

Mama wa Wagonjwa alijibu:

Mwanangu, mimi nitasema machache. Ikiwa usingizi umepotea, chakula hakipiti, au unatamani usiamke, mwone daktari wiki hii na umweleze yote. Kufanya hivyo hakupunguzi imani. Na tafuta mtu mmoja wa kukaa naye asiyekuhubiria. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo sehemu pekee waliyoifanya vizuri.

Mwimbaji wa Safu ya Nyuma aliandika:

Asanteni sana. Maneno ya mzee yameniuma, lakini siwezi kuyakana. Nimeamua kukabidhi kwaya na shule ya Jumapili, nibaki na wagonjwa tu, kwa kuwa huko ndiko ninakokwenda bila kusukumwa. Mama, usingizi kweli ni wa shida. Nitakwenda kwa daktari. Limebaki la maombi. Nikifumba macho, ninamsemesha Mungu nini?

Msomaji wa Zaburi alijibu:

Isome Zaburi ya 88 kwa sauti, kama ilivyo, na usiongeze neno lako la kuipamba. Inaanza kwa kumwita Bwana, Mungu wa wokovu, na inaishia gizani bila mstari wa shukrani. Kwa sasa hayo yatosha kuwa maombi yako ya asubuhi.