IST imewaka taa: nibadilishe taimingi cheni, sensa, au ninunue kimashine nipime mwenyewe?

Mtu_wa_Kibaha
Wakuu habari za jioni. IST yangu imewaka taa ya cheki injini tangu wiki iliyopita na gari limekuwa zito, nikifika kilima cha Kimara malori yananipita. Nimeenda kwa mafundi wawili, nimerudi na majibu mawili. Wa kwanza kapima kwa mashine, kasema tatizo ni taimingi, niweke cheni mpya na vikorombwezo vyake vyote, laki nne na nusu pamoja na ufundi. Wa pili kasikiliza mlio tu, kasema sensa, elfu themanini. Shemeji yangu naye ananiambia ninunue kale kamashine ka Bluetooth ka elfu 25 nijipimie. Ungekuwa wewe ungefanya lipi? Mshahara unaingia Ijumaa.

Spana_Kumi
Kodi gani? "Taimingi" siyo kodi, nataka ile namba ya hitilafu ambayo mashine ilisoma. Gari la mwaka gani, injini gani, kilomita ngapi, oili umemwaga lini?

MamaVitz
Na ni modeli ya NCP60 au NCP61? Ya 1300 ina injini ya 2NZ, ya 1500 ina 1NZ. Kuna kibati ndani ya boneti, kisome.

Jembe_la_Moro
Nunua kimashine, mafundi watakumaliza. Mimi nacho mwaka wa tatu huu, programu ipo kwenye simu, nikiona taa nasoma mwenyewe nikiwa nakunywa chai. Kama unatumia iPhone tu, hiki cha Bluetooth cha kawaida hakitakubali, tafuta cha WiFi.

Mpwani_Kisauni
Jembe, taratibu ndugu yangu. Gari za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizotengenezwa kwa soko la Japani kwenyewe, hivi vidude vya ELM327 aghalabu haviongei nazo. Soketi ni ileile ya pini 16 chini ya usukani, ila lugha iliyomo ndani si lazima iwe moja. Mimi hapa Mombasa nilikinunua kwa ajili ya Probox. Kidude kikawaka taa zote, simu ikakiona, gari ikakaa kimya kama bubu. Mwisho nikachukua kipande cha waya, nikaunganisha pini ya 4 na ya 13, nikafungua swichi bila kupiga stata, nikahesabu taa inavyopepesa. Mara tano, ikapumzika, mara tisa. 59, mambo ya VVT, ule mfumo wa kubadilisha majira ya valvu kufunguka. Gharama yangu ni waya wa kengele ya mlango. Lakini usikosee pini hata kidogo, ile ya 16 ina moto wa betri.

Jembe_la_Moro
Changu kinaongea vizuri na Rumion.

Mpwani_Kisauni
Rumion ya mwaka gani?

Jembe_la_Moro
2008.

Mpwani_Kisauni
Haya.

Mtu_wa_Kibaha
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Gari ni la 2003, 1NZ. Dashibodi inasema 148,000 ila mnajua wenyewe. Nimempigia fundi wa kwanza, kasema kodi ilikuwa P1349, na alishaifuta ila taa imerudi siku ya pili. Oili nadhani mwezi wa pili, niliweka 20W-50. Halafu silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, nilisahau kusema.

Spana_Kumi
Ulisahau yote ya maana! P1349 ni kodi ya Toyota wenyewe, inahusu mfumo wa VVT. Kompyuta imeiamuru kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya upande wa kuingiza hewa isogee, nayo haikusogea ilivyoamriwa, au imesogea ikagoma kurudi. Kinachoisogeza ni presha ya oili, na anayeifungulia oili hiyo njia ni valvu ya umeme, mafundi wanaiita OCV. Kwa hiyo mstari unaanzia kwenye oili, unakuja OCV na kichujio chake, kisha giya ya VVT. Cheni inaweza kuhusika, lakini iko mwisho wa foleni.

Ingekuwa P1346, au P0016 kwenye magari mapya zaidi, ningekuelewa, maana hapo kamshafti na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ambazo cheni ndiyo inaziunganisha, zenyewe haziendani: cheni imerefuka, au imeruka jino. Sensa nazo zina kodi zao, P0340 ya kamshafti na P0335 ya krenki, na hata hizo anza na waya na soketi kabla ya kununua.

Jipimie bila kulipa mtu. Gari liwe silensa, chomoa soketi ya OCV, ipe valvu moto wa betri kwa sekunde chache. Injini ikitetemeka au ikizima, valvu inasogea na njia ya oili iko wazi. Isipobadilika chochote, ifungue. Ukiwa na mita, koili yake ikiwa ya baridi isome karibu ohm 7.

Fundi_Nusu
Bora umeuliza kabla ya kulipa. Mimi nilikuwa na Spacio, kodi hiyohiyo. Nikaipeleka gereji moja nisiyoitaja, mashine kubwa, mafundi na ovaroli safi, nikasema hapa nimefika. Wakasoma kodi dakika mbili, wakasema cheni. Nikalipa. Siku tatu gari liko wazi mbele. Cheni iliyotoka nikaiweka sambamba na mpya, tofauti siioni, nikanyamaza, mimi nani? Gari likarudi linamisi, na sasa kodi ni mbili, ile ya zamani pamoja na P1346. Walikuwa wamekosea alama kwa jino moja! Wakafungua tena, wakafunga tena, safari hii kava ya mbele ikaanza kuvuja oili kwa sababu silikoni walipaka kama siagi kwenye mkate. Taa bado inawaka. Nikaondoka na hasira. Mzee mmoja wa gereji bubu chini ya mwembe akatoa OCV, akaniwekea mkononi. Imeganda oili nyeusi kama lami. Akaiosha kwa petroli, akasafisha na kichujio, akamwaga oili. Elfu thelathini, na soda nilimnunulia mwenyewe. Taa haikurudi mpaka nauza lile gari.

MamaVitz
Pole jamani. Kwenye 1NZ kichujio hicho kiko nyuma ya bolti karibu na OCV yenyewe, ni wavu mdogo sana. Wengi hawajui kama kipo. Na oili nzito ya 20W-50 ya nini kwenye injini ya VVT-i? Weka 5W-30.

Jembe_la_Moro
Joto la Dar na 5W-30? Itakuwa maji. Babu yangu kaendesha Land Cruiser na oili ya 40 tupu miaka yote.

MamaVitz
Land Cruiser ya babu ina VVT?

Jembe_la_Moro
Haina, lakini inatembea mpaka leo. IST ya jamaa iko wapi?

Spana_Kumi
Wekeni 10W-30 muachane. La muhimu imwagwe kwa wakati. Tangu mwezi wa pili hiyo imekuwa uji.

Fundi_Nusu
Uji kweli. Na chonde, ikiwa imeganda sana usimwage flashi kali (dawa ya kusafishia injini), uchafu wote utakimbilia kwenye hicho kiwavu.

Mtu_wa_Kibaha
Asanteni sana wakuu. Jumamosi namwaga oili na kufungua OCV, cheni isubiri kwanza. Fundi wa kwanza kanipigia leo, kashuka mpaka laki tatu na ishirini.

Mpwani_Kisauni
Ngoja hadi Alhamisi, atafika laki mbili.

Kijana_wa_Ubungo
Wakuu samahani kuingilia uzi. Mimi nina Forester, nayo taa imewaka, fundi kasema taimingi. Ni mkanda au cheni? Nifanyeje?

Spana_Kumi
Kodi gani?