Pareto ilitoka Dalmatia. Je, tunadaiwa?

Mchuma Maua (mleta mada)

Wakuu, salaam. Juzi kwenye msiba huku kwetu Mafinga kulizuka ubishi kando ya moto. Kijana mmoja aliyesoma Nairobi alisimulia habari ya Ziwa Bogoria: watafiti kutoka Uingereza walichukua vijidudu pale mwaka 1992, baadaye kimeng'enya kilichotokana navyo kikaingia kwenye sabuni za unga na kwenye viwanda vya kupausha jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likaja juu kwamba halikushirikishwa. Tukatikisa vichwa wote. Wezi hao, wezi. Nami nilitikisa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa shambani na mama tunachuma pareto. Mkono kwenye ua, ua kwenye kikapu, ndipo kichwa kikagoma kuendelea kutikisika. Pareto si yetu, wakuu. Ni mmea wa porini wa Dalmatia, pwani ya Kroatia kwenye Bahari ya Adriatiki, unaoota kwenye miteremko ya mawe ya chokaa inayotazama bahari. Watu wa kule ndio waliokausha maua yake na kuyasaga unga wa kuulia viroboto na kunguni. Katika karne ya 19 unga huo ulikuwa biashara kubwa, ukipita bandari ya Trieste kwenda duniani. Miaka ya 1880 mbegu zikafika Japani, na Wajapani wakatengeneza dawa ya mbu ya kufukiza, ile inayozunguka kama konokono. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mbegu zikafika Kenya, kisha kwetu. Vita Kuu ya Pili ilipoikata Japani na soko la Magharibi, Kenya ikashika usukani. Biashara ya Dalmatia ilikuwa imeshafifia zamani.

Je, kuna Mdalmatia aliyelipwa? Kuna aliyeulizwa?

Hoja yangu ni hii, na naomba nijibiwe bila matusi: kama kiumbe cha asili ni mali ya nchi kinakoota, basi sisi, Wakenya na Wanyarwanda tuna deni la karibu miaka 100. Na kama hatuna deni, kelele za Bogoria zinasimama juu ya nini?

Wakili Mtaani

Mleta mada, swali zuri lakini jibu lake ni jepesi kuliko unavyodhani. Zamani mimea na vijidudu vilihesabiwa urithi wa binadamu wote, mwenye mashua abebe. Mkataba wa Rio wa bioanuwai wa mwaka 1992 ndio uliosema kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za asili, na anayetaka kuzitumia aombe idhini na wakubaliane mgao. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaweka meno, ikaanza kazi Oktoba 2014. Sheria hairudi nyuma. Pareto iliondoka Dalmatia kabla babu yako hajaoa. Hakuna deni.

Binti wa Soko

@Wakili Mtaani mkataba wa Rio ulianza kazi Desemba 1993. Bogoria ni 1992. Kwa kipimo chako mwenyewe hata Kenya haikuwa na haki.

Wakili Mtaani

Umenishika, nakubali. Ila mvutano wa Bogoria ulikuwa juu ya vibali: nani aliruhusu nini, na kama kibali cha utafiti kinatosha kwa biashara. Hilo halihitaji Rio. Ukiingia shambani kwangu kwa ruhusa ya kupiga picha, huondoki na mahindi.

Kinangop Juu

Mimi nimelelewa na pareto. Karo yote hadi kidato cha nne ilitoka kwenye maua hayo, kwa hiyo nitaongea kama mwenye nyumba.

Kwanza, tusidanganyane kwamba tulipewa kitu kilichokamilika. Dalmatia inachanua mara moja kwa mwaka, mwanzo wa kiangazi, basi. Huku juu kwenye baridi ya usiku, karibu na ikweta, ua linatoka sehemu kubwa ya mwaka, na unapita mistari ileile kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwa mkono. Ua moja moja. Ukichuma likiwa changa sumu haijajaa, ukichelewa imeshapungua, na bei unayopewa inafuata asilimia ya sumu. Usipokausha vizuri linavunda guniani, unakosa yote. Dalmatia ilitoa mbegu, sisi tulitoa mgongo. Mwenye mbegu akileta hati ya madai, nami nitaleta yangu ya mgongo, tuone ipi ndefu.

Pili, na hili ndilo linaniuma. Mzee wangu aliuza maua, akapimiwa, akaandikiwa risiti. Mnunuzi akakaa miaka bila kulipa. Si mwezi, miaka. Akang'oa pareto akapanda viazi, na majirani karibu wote wakafanya vivyo hivyo. Sasa mnataka nimfikirie Mkroatia aliyekufa zamani? Mdai wa kwanza katika habari hii ni mzee wangu, na aliyemdhulumu hakutoka Ulaya.

Mfamasia Tanga

Naomba niwasogeze kidogo, maana mnabishania ua na ua lenyewe limeshaachwa nyuma.

Sumu ya pareto ni kundi la kemikali sita zinazofanana, ziitwazo pairethrini. Zinashambulia milango ya sodiamu kwenye neva za mdudu, mawasiliano ya neva yanavurugika, anaanguka chini anatapatapa. Kwetu sisi hazina nguvu hiyo kwa sababu mwili unazivunja upesi. Udhaifu wake ni jua: ukiacha unga huo nje, mwanga unaziua. Wanakemia Staudinger na Ružička ndio waliochambua umbo lake mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1949 wanakemia wa Marekani wakatengeneza ya kwanza ya maabara, na mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake kwenye kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, wakatoa permethrini, ambayo jua haliiwezi kirahisi. Baada yake ikaja deltamethrini.

Sasa nendeni chumbani mtazame chandarua. Kile chenye dawa kina permethrini au deltamethrini, au ndugu yao wa karibu. Hakuna hata chembe ya ua la Mafinga wala la Dalmatia mle. Lakini bila ua lile, nani angejua aanzie wapi? Kilichohama ni umbo la kemikali. Umbo halina mbegu, halipiti forodhani.

Kisa kingine kinachofanana ni cha Misri. Kuna mmea unaitwa khella, unaota kandokando ya Mediterania yote. Mashina ya maua yake hutumika kama vijiti vya kuchokonolea meno. Wamisri walichemsha mbegu zake na kunywa kwa ajili ya mawe ya figo. Miaka ya 1940 Gleb Anrep, mwanafiziolojia mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akifundisha Cairo, aligundua kwamba fundi wa maabara yake mwenye maumivu ya moyo alikuwa anapata nafuu. Chanzo? Alikuwa anakunywa khella kwa ajili ya figo. Anrep na wenzake wa Kimisri wakachunguza, wakachapisha mwaka 1946.

Angalieni sasa ilikofika. Kiini cha khella kinaitwa khelini. Wabelgiji, wakianzia kwenye umbo lake, wakapata amiodaroni miaka ya 1960, dawa ya mapigo ya moyo yaliyovurugika, ambayo mpaka leo ipo kwenye vyumba vya dharura. Na Roger Altounyan, daktari mwenye pumu aliyezaliwa Aleppo, akiwa kwenye kampuni ya dawa Uingereza, alijipa mwenyewe shambulio la pumu makusudi, tena na tena, kupima vitu vilivyotokana na khelini, hadi akapata kromolini. Dawa zote mbili hazina khelini ndani yake. Fungueni kidonge mtafute khella, hamtaiona.

Na fundi wa maabara? Katika masimulizi anaitwa hivyo tu. Fundi wa maabara.

Binti wa Soko

Hapo kwa fundi umenimaliza.

Hesabu Kali

Jamani, mnahesabu ng'ombe waliozaa tu. Waliokufa je?

Kuna mmea unaitwa thapsia, mwitu wa Mediterania, kutoka Moroko hadi Ugiriki. Wagiriki wa kale waliujua, na wafugaji wa Afrika Kaskazini wanaujua zaidi maana unaua mifugo. Mwaka 1978 wanasayansi wa Denmaki walitoa ndani yake kemikali waliyoiita thapsigargini, inayoziba pampu ya kalsiamu ndani ya seli hadi seli inakufa. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, wakawaza: tukiifunga kwa kamba ambayo saratani tu ndiyo inayoweza kuikata? Wazo zuri mno. Wakajaribu kwa wagonjwa. Leo hakuna dawa sokoni. Miongo imekwenda, fedha zimekwenda.

Swali: mtakaokuja kudai mgao wa khella, mtachangia pia hasara ya thapsia? Au mgao ni wa faida peke yake? Mkiweka tozo kwa kila anayegusa jani, watafiti watakaa maabara na kompyuta zao, na hayo majani yenu yataliwa na mbuzi.

Kinangop Juu

Mkulima hachangii hasara? Baridi ya barafu ikipita shambani nani huwa ananichangia mimi?

Wa Musanze

Huku Rwanda ongezeni mdai mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu hekta 10,000 za Hifadhi ya Volkano zilikatwa ili zipandwe pareto, na soko lenyewe likaja kuyumba baada ya dawa zile za maabara kuingia. Gorila walisukumwa juu mlimani. Mmea wa Kroatia, msitu wa Rwanda, mnunuzi wa Ulaya. Nani amlipe gorila?

Mfamasia Tanga

@Wa Musanze nimecheka halafu nikanyamaza.

Mchuma Maua (mleta mada)

Nimesoma yote, na naomba nibadilishe msimamo hadharani. Nilikuja nikiuliza nchi kwa nchi. Naona sasa "nchi" ndiyo iliyonipoteza. Bendera haijawahi kuinama kuchuma ua. Tukisema Misri ilipwe kwa khella, fundi hapati kitu. Na kuna ndugu yake khella, ule unaotibu mbalanga: Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea wa Malaga, Hispania, aliuandika karne ya 13, Waamazigh wa Afrika Kaskazini walikuwa wakiutumia, kisha mwaka 1947 daktari El Mofty wa Cairo akaanza kutibu wagonjwa kwa kiini chake pamoja na mwanga wa jua. Hapo mnalipa Hispania, Algeria au Misri? Mtagombana mpaka Kiyama.

Ninalolitaka ni mgao umfuate mtu: aliyetoa ujuzi na anayechuma. Vijiji vya kusini mwa kisiwa cha Chios, Ugiriki, wamefanya hivyo bila hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Wana utomvu wa mti wa mastiki. Mwaka 1938 waliunda chama cha ushirika, jina la utomvu wao likalindwa na Umoja wa Ulaya mwaka 1997, na mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikautambua kama dawa ya asili ya tumbo na ngozi. Linganisheni na Albania, miongoni mwa wauzaji wakubwa wa seji, jani la kunukia, duniani, ambako kuna familia zinazopanda mlima na gunia. Gunia hulipwa kwa kilo. Mafuta yake yakifika mjini huuzwa kwa mililita.

Wakili Mtaani

Napinga mfano, si nia. Mastiki imekubali kutoa utomvu wa biashara Chios tu. Mti huohuo upo kote Mediterania lakini kwingine haulipi. Ndiyo maana ushirika wao una nguvu: mnunuzi hana pa kukimbilia. Pareto imekubali kila mlima, kutoka Molo hadi Tasmania kule Australia. Ukipandisha bei Mafinga, mnunuzi anahama. Ujuzi nao ukishatoka mdomoni haurudi.

Ila kuna vitu viwili vipya. Mei 2024 mataifa yalipitisha Geneva mkataba unaomlazimu mwombaji wa hataza aseme rasilimali au ujuzi wa jadi aliouegemea umetoka wapi. Hata lile umbo la kemikali la Mfamasia huenda lingeacha alama pale. Na mwishoni mwa 2024 ukakubaliwa Mfuko wa Cali: kampuni zinazotumia taarifa za vinasaba vya viumbe zilizohifadhiwa kwenye kompyuta zichangie asilimia 1 ya faida au 0.1 ya mapato, na angalau nusu iende kwa jamii za asili na za wenyeji. Ni kwa hiari, najua. Lakini haiulizi bendera, na haiulizi mbegu iliondoka lini.

Hesabu Kali

Kwa hiari. Haya.

Mchuma Maua (mleta mada)

Hesabu, hata mchango wa msiba ni wa hiari, na kila mtu hutoa kwa sababu daftari linasomwa kwa sauti. Lisomwe kwa sauti.

Kinangop Juu

Wakili, nimekuelewa. Hiyo nusu ya jamii itapita ofisi ngapi kabla haijafika kijijini? Nauliza kwa sababu risiti za mzee zipo bado. Amezikunja kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati, na kila akipata mgeni kutoka mjini huzishusha kumwonyesha. Wino unaanza kufifia. Nikizipiga picha leo, nimtumie nani?