Vitabu vya mapishi ya sufuria moja: kipi kinafaa jiko la pleti moja?

MamaWawili_Makorora
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nipo Tanga, Makorora. Narudi kazini jua linazama, na jiko langu ni ule mtungi mdogo wa gesi wenye pleti moja juu yake. Mkaa nauwasha siku ya maharage tu. Wali, mchuzi na mboga vyote vinapanga foleni pleti hiyo hiyo, cha mwisho kikiiva cha kwanza kimeshapoa. Ndiyo maana natafuta kitabu cha mapishi ya sufuria moja.

Nimebakiza vitatu. Majina siyaweki, nisije nikaonekana namtangazia mtu biashara. Kimoja cha Uingereza, jalada gumu, picha za kumeza mate. Cha pili kijitabu cha Kiswahili, mapishi ya pwani, karatasi kama za gazeti, picha hakuna. Cha tatu cha Kimarekani, mapishi ya sufuria za umeme: ya presha na ile ya kupika polepole. Hicho cha Uingereza bei yake inanunua vijitabu kadhaa vya Kiswahili na chenji inabaki. Mliowahi kupikia vitabu vya namna hii, nisaidieni.

Kifumbu
Ninacho kinachofanana na hicho cha kwanza. Mapishi mengi yanaanzia juu ya jiko na kuishia ndani ya oveni, nyuzi 180, saa mbili na zaidi. Chombo ni kimoja kweli, ila moto wamehesabu wa kwao. Utaniambia nipalie makaa juu ya kifuniko. Sawa, lakini wao wanapikia chungu kizito cha chuma kinachosambaza joto taratibu. Ukiweka sufuria yetu ya alumini nyepesi, nyama inashika chini huku juu bado mbichi.

Kilichonifaa humo ni tambi. Unazipika ndani ya mchuzi wenyewe wa nyanya, humwagi maji. Wanga unaotoka kwenye tambi ndio unaoufanya mchuzi uwe mzito. Palipoandikwa krimu natia tui zito, na wageni hawajawahi kulalamika.

BiMkubwa_Chumbageni
Marahaba mwanangu. Kijitabu ndicho chako, lakini usilipe kabla hujafungua ukurasa wa pilau. Kikikwambia "tia maji ya kutosha", kirudishe. Ya kutosha ndiyo mangapi? Anayejua hahitaji kitabu, na asiyejua hajasaidiwa. Kitabu cha maana kinasema vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, kisha kinaongeza kwamba mchele mpya, kama huo wa Mombo ukitoka kuvunwa, haunywi maji sawa na uliokaa ghalani, basi punguza.

Halafu tazama kitunguu. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, si kwenye bizari. Kama kitabu hakijakwambia ukikaange mpaka kiwe na rangi gani, utakula wali mweupe wenye harufu ya pilau.

Kisha nenda kwenye mseto. Choroko zinachemshwa kwanza mpaka zikaribie kuiva, ndipo mchele unaingia na tui la pili, tui zito linakuja mwisho moto ukiwa mdogo. Ukitia tui zito tangu mwanzo na moto mkali, linakatika na chini panaungua. Mapishi ya sufuria moja yote ni hayo: nani anaingia kwanza na nani anasubiri. Kitabu kisichokupa zamu hizo ni orodha ya kwenda nayo sokoni Ngamiani, basi.

Mgosi_wa_Lushoto
Bi Mkubwa kasema ya pwani, ngoja niseme ya mlimani. Huku tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, maharage yanakutesa jioni nzima. Presha inapandisha joto ndani ya sufuria mpaka karibu nyuzi 120. Mie ningechukua cha tatu bila kuuliza. Hata wewe huko chini, ukihesabu gesi au mkaa unaoisha kwa maharage, makande na makongoro, utaona. Serikali yenyewe kwenye mkakati wake wa 2024 imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tatizo ni moja tu, umeme ukikatika umebaki na kitabu.

Mpishi_Kantini
Mgosi, gawa hicho kitabu mara mbili. Upande wa presha sina neno. Upande wa kupika polepole, fungua ukurasa wa maharage mekundu. Maharage hayo yakiwa mabichi yana sumu inayokutapisha vibaya, na inayoiondoa ni kuchemka kwelikweli. Sufuria ya polepole inaweza isifike kuchemka, ikayapasha saa nane yakalainika na sumu ikabaki. Kitabu kizuri kitakuelekeza uloweke saa tano au zaidi, umwage maji yale, uchemshe kwa moto mkali angalau dakika kumi kwenye sufuria ya kawaida, ndipo uhamishe. Kikikwambia uyamimine makavu uondoke zako kazini, hicho usinunue hata kwa nusu bei.

Barabara_ya_Saba
Mnajisumbua. Nunua daftari, nenda kwa shangazi yako, andika. Bure.

BiMkubwa_Chumbageni
Barabara ya Saba, umewahi kumuuliza shangazi kipimo cha chumvi? "Kadiria." Cha tui? "Utaliona lenyewe." Cha moto? Anakucheka. Daftari litajaa neno kadiria tupu. Labda usimame naye jikoni na kikombe mkononi, kila anachotaka kutia unakipima kwanza. Wachache wataikubali adha hiyo, mimi mmoja siikubali.

MamaWawili_Makorora
😂 Bi Mkubwa umenimaliza. Swali: hicho cha Marekani vipimo vyake navielewaje? Kimejaa wakia na ratili. Na samaki je? Nikipita soko la samaki la Deep Sea napenda kuchukua kolekole au nguru, na vitabu vyote viwili vya nje vinamtia samaki pamoja na viazi.

Kifumbu
Wakia moja ni gramu 28 na kidogo, ratili gramu 454. Kikombe chao ni kama mililita 240, kwa hiyo usichukue kikombe chochote cha kabatini. Kipime kwa chupa ya maji ya nusu lita: vikombe viwili vya Kimarekani vinakaribia kuimaliza. Nyuzi 350 zao ni kama 177 zetu, usishtuke. Cha Uingereza kinatumia gramu na mililita, hapo hakisumbui.

Na angalia kama kitabu kinataja ukubwa wa sufuria kwa lita. Kisipotaja, mapishi ya watu sita yatakumwagikia jikoni.

BiMkubwa_Chumbageni
Samaki na viazi? Viazi vya Lushoto vikiiva samaki keshakuwa uji. Viazi, nyanya, ukwaju na tui la pili vitangulie. Kiazi kikipenya uma, laza vipande vya samaki juu, tia tui zito, funika moto mdogo. Usikoroge, shika sufuria uitikise. Nguru anavumilia kidogo, kolekole pia, changu anataka upole zaidi.

MamaWawili_Makorora
Leo nimepita dukani nimefungua kurasa mlizosema. Kijitabu kina vipimo vya pilau na rangi ya kitunguu kimeisema, "kama kahawa nyepesi". Kwenye mseto kinatia tui lote kwa mkupuo, hapo nitamfuata Bi Mkubwa. Cha Marekani maharage ya polepole hakina onyo lolote, nimekiacha. Nimechukua kijitabu, hela iliyobaki naiweka kwa ajili ya presha, ya kuweka juu ya gesi, Mgosi, umeme wenu siutaki. Kifumbu, ule ukurasa wa tambi nipigie picha basi.

Kifumbu
Nakutumia usiku. Ila koroga mara kwa mara, tambi hizo ukienda kufungua mlango tu zimeshagandana.