Tupeane uzoefu: ndugu yako alipopotea, mlifanyaje hadi jalada likaanza kutembea?

Dada wa Nala
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma, leo ni siku ya 19 sijui kaka yangu alipo. Ni mtoto wa mama mkubwa ila tumelelewa nyumba moja. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu barua: migogoro ya mashamba, fidia zisizolipwa, mabinti wanaoozwa wakiwa shuleni. (Nimeandika "ilikuwa". Naiacha, nimechoka kufuta.) Ni msaidizi wa kisheria tu, siyo wakili, ila huko vijijini wanamwita wakili na yeye anacheka.

Jumanne alitoka kununua umeme kwa wakala, hapo tu jirani. Alifika, akalipa elfu tano, akatoka. Hajarudi. Vijana wa kijiwe cha boda wanasema waliona gari, Noah nyeusi, imesimama taa zikiwa zimezimwa. Usiku ule ule luku (umeme wa kulipia kabla) ikakata, tukakaa gizani tukimpigia simu isiyopatikana.

Kituoni tuliambiwa tusubiri saa 24. Tuliporudi tukaulizwa kama ana mchepuko. RB, ile namba ya taarifa ya polisi, tuliipata siku ya nne, na kwenye maelezo wameandika "aliondoka muda usiojulikana". Toka hapo ni njoo kesho, mpelelezi yuko nje ya ofisi.

Waliopitia haya: mlianzia wapi? Mlimbana nani? Naomba yaliyowakuta wenyewe, siyo ya kusikia.

Konda wa Singida
Pole sana dada. Sisi alipotea baba mdogo, 2019, katokea Manyoni haonekani. Kosa letu lilikuwa kwenda kituoni kila siku na kuongea kwa mdomo. Ukiongea kwa mdomo, kesho unakuta askari mwingine zamu, unaanza upya kama mgeni. Mjomba mmoja mstaafu akatununulia daftari la kaunta, akasema kila mkienda andikeni: tarehe, saa, namba ya askari aliyewapokea, alichosema. Kisha mkamwandikie mkuu wa upelelezi wa wilaya barua, nakala kwa mkoa, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ilipogongwa mihuri mitatu, mpelelezi alitupigia mwenyewe. Sikudanganyi kwamba alipatikana haraka. Alipatikana baada ya miezi miwili, mgonjwa, Igunga, alikuwa amechanganyikiwa. Lakini jalada lilitembea.

Mama Mpwapwa
Mdogo wangu, mmezunguka hospitali? Siyo mochwari tu, na wodi. Mume wangu aligongwa akiwa kwenye pikipiki, simu ikaibwa palepale, akalala siku tatu ameandikwa "jina halijulikani" huku sisi tunamlilia. Nilimtambua kwa kovu la kidole gumba.

Dada wa Nala
Tumezunguka mama, zote za mjini na Chamwino. Asante.

Mzee wa Majalada
Nimefanya kazi mahakamani miaka mingi, naomba nirekebishe kitu kimoja. Hizo saa 24 wanazowaambia msubiri, mimi kwenye sheria nazikuta kwingine: mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ukitoa makosa ya adhabu ya kifo. Zinambana aliyekamata. Familia haihitaji kusubiri chochote kutoa taarifa.

Kuna milango mitatu ambayo wengi hawabishi hodi. Mosi, mkidhani anashikiliwa, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake na anayemshikilia aeleze kwa nini. Hata wakikana, wanakana kwa kiapo, na hicho kiapo kinabaki kwenye kumbukumbu. Pili, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Iko kwenye Katiba, ibara ya 129, makao makuu ni hapo hapo Dodoma, na kupeleka malalamiko ni bure. Isipokuwa mjue kwamba yenyewe huchunguza na kupendekeza, haina selo wala pingu. Tatu, mbunge wenu, Bunge likikaa. Swali lililoulizwa bungeni linaingia kwenye kumbukumbu rasmi na waziri hawezi kusema hajasikia.

Nawaambia muda unaua ushahidi. Azory Gwanda, mwandishi wa habari, alichukuliwa Kibiti 21 Novemba 2017. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Kabudi, akaiambia BBC kwamba alitoweka na kufa, halafu ikaelezwa kuwa alinukuliwa vibaya. Mke anaishi na sentensi mbili zinazopingana. Ben Saanane, kada wa chama cha upinzani CHADEMA, hajaonekana tangu Novemba 2016. Ali Kibao, naye wa CHADEMA, alishushwa kwenye basi mbele ya abiria, Septemba 2024, mwili ukaonekana siku iliyofuata, na Rais akaagiza uchunguzi. Mpaka kuagizwa na Rais! Jambo ambalo mkuu wa kituo alitakiwa alianze kwa kalamu yake.

Mpita Njia
Wengine hujiteka jamani. Tusihukumu vyombo vyetu mapema.

Konda wa Singida
Mkuu, hata aliyejiteka si anatafutwa? Utajuaje kajiteka bila kuchunguza? Hilo ndilo dada anaomba, wachunguze. Akikutwa kajificha kwa shangazi yake, mpeni kesi ya kudanganya polisi, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi.

Mwana wa Kondoa
Mimi sina la kufundisha. Kaka yangu alikuwa mtetezi wa wachimbaji wadogo, ametoweka mwaka wa sita huu. Sheikh wetu alikuja nyumbani, mtu mwema sana, akamuuliza mama: "Tumwombee kama msafiri au kama maiti?" Mama akanyamaza. Akaenda jikoni akarudi na chai. Sheikh akanywa, akaondoka, hajauliza tena.

Matanga hatujaweka. Mke wake hajakaa eda kwa sababu eda ya nini. Shamba limeandikwa jina lake na hatuwezi kuligawa wala kuliuza, na mtoto wake akitaka mkopo wa chuo anaulizwa cheti cha kifo cha baba au sahihi ya baba. Wanaosema "mwacheni Mungu" hawajui kwamba kupotea kuna makaratasi mengi kuliko kufa.

Dada, jambo moja tu. Tulipiga deki chumba chake na kufua nguo zake wiki ya kwanza, tukidhani akirudi akute pasafi. Mpelelezi alipokuja hatimaye alitaka kitu cha kuchukulia vinasaba. Hatukuwa hata na kitana. Fungeni chumba.

Mama Mpwapwa
Ya Allah. Poleni nyumba nzima.

Dada wa Nala
Nimesoma yote. Chumba nimekifunga, funguo anayo mama. Mswaki wake nimeutia kwenye bahasha ya khaki.

Halafu, Mzee, nimekumbuka kitu kwa ajili ya maneno yako ya ushahidi. Leo mchana nimekwenda kwa yule wakala wa luku, nikamwomba aniangalizie muamala wa Jumanne ile. Kautoa. Tokeni ya tarakimu 20, namba ya mita yetu, saa 1:42 usiku. Siku 19 wameandika "muda usiojulikana" na ulikuwa dukani, hatua zisizofika mia mbili. Wakala anasema hakuna askari aliyekwenda kumuuliza. Yuko tayari kuandika maelezo, ila anaogopa kwenda peke yake.

Tokeni sijaiingiza kwenye mita. Tumenunua nyingine.

Jumatatu saa mbili asubuhi naenda na barua, nakala nne, daftari na hiyo risiti. Mwenyekiti wa mtaa amekubali kunisindikiza. Kama kuna aliyeko Dodoma mjini anaweza kukaa na yule wakala kwenye benchi wakati anasubiri kuitwa, aniandikie pembeni.

Mama Mpwapwa
Natoka huku na gari la alfajiri. Nitakaa naye mimi.