Usafiri wa London kwa mgeni anayeanza masomo

Kutoka: mwanajumuiya, Leicester

Ndugu wanajumuiya, salaam. Mpwa wangu anawasili uwanja wa ndege wa Heathrow mwishoni mwa Septemba kuanza shahada ya uzamili katika chuo kilicho karibu na Russell Square, naye amepata chumba Walthamstow. Ana umri wa miaka 28, ni mara yake ya kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki, na akaunti yake ya benki iko Dar es Salaam. Naomba mwenye uzoefu anieleze anunue tiketi gani, na kama mwanafunzi anapata nafuu yoyote. London mimi naijua kwa kupita tu.

Kutoka: mwanajumuiya, Tottenham

Kaka, salaam zimefika. Tiketi ya karatasi asiinunue hata siku moja, kwa kuwa katika treni za London hiyo ndiyo nauli ghali kuliko zote, na ndani ya basi haiuzwi kabisa: mabasi ya jiji yaliacha kupokea fedha taslimu Julai 2014, na dereva hata akikuonea huruma hana pa kuziweka sarafu zako. Kinachotumika ni kadi ya Oyster, yaani kadi ya usafiri unayoiwekea fedha, iliyoanza mwaka 2003, au kadi ya benki ya kulipia kwa kugusisha, ambayo mabasi yalianza kuipokea Desemba 2012 na treni za chini ya ardhi Septemba 2014. Kwa mtu mzima asiye na punguzo lolote, nauli ya kadi hizi mbili ni ileile. Wengi watamwambia atumie simu yake tu, na kwa mwenye akaunti ya hapa ushauri huo hauna kasoro. Kwa mpwa wako nashauri Oyster, kwa sababu akaunti ya benki ya Uingereza huenda ikamchukua wiki kadhaa kuipata, na kadi ya Dar es Salaam, hata kama mashine itaikubali, inaweza kukatwa ada ya kubadilisha fedha juu ya nauli. Sababu nyingine, ambayo kwa mwanafunzi ni nzito zaidi, ni punguzo la Railcard, kadi ya nafuu ya nauli za treni, nitakalolieleza baadaye.

Jambo ambalo ni lazima alielewe kabla ya yote ni namna mfumo unavyohesabu. Kwenye lango la stesheni kuna kibao cha duara chenye rangi ya manjano. Akigusisha kadi, lango linafunguka na mashine inaandika ameingia wapi na saa ngapi. Nauli yenyewe hukokotolewa pale anapogusisha kadi ileile wakati wa kutoka, kulingana na kanda za nauli ambazo jiji limegawanywa, yaani zile alizopita, na saa aliyoingia. Nusu moja ya safari ikikosekana, mfumo haujui alikokwenda, hivyo humtoza nauli ya juu kabisa. Kwenye stesheni zenye malango ni vigumu kusahau, lakini treni za DLR, zile zisizo na dereva zinazohudumia upande wa mashariki tangu 1987, vituo vyake vingi havina lango. Kibao kimesimama juu ya nguzo pembeni, na mtu aliyezama kwenye simu anakipita bila kukiona. Kosa jingine la wageni ni kuingia kwa kadi na kutoka kwa simu, wakidhani kwamba kwa kuwa akaunti ya benki ni moja mfumo utaelewa. Hauelewi. Kadi na simu kwake ni wasafiri wawili, na kila mmoja atatozwa kwa safari isiyokamilika. Vilevile asigusishe pochi nzima yenye kadi tatu, kwa maana mashine itachagua yoyote iipendayo. Ndani ya basi mambo ni mepesi: anagusisha anapopanda tu, na akishuka hagusishi.

Kuna pia kikomo cha malipo kwa siku na kwa wiki, ambapo ukishakifikia safari zinazofuata ni bure. Siku ya mfumo huanza saa 10:30 alfajiri, na wiki huanza Jumatatu na kuishia Jumapili, kwa hiyo anayeanza kusafiri Alhamisi asitarajie kwamba wiki yake itahesabiwa kuanzia hapo. Saa za msongamano, ambazo nauli ya treni hupanda, ni Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi na saa 10:00 jioni hadi saa 1:00 usiku. Saa inayoangaliwa ni ile ya kuingia. Akiwa na kipindi cha saa 5:00, hakuna sababu ya kupita langoni kabla ya saa 3:30.

Siku ya kuwasili apande treni ya chini ya ardhi ya njia iitwayo Piccadilly kutoka Heathrow. Njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, ni ya kasi na ya kupendeza, ila nauli yake kutoka uwanjani hadi katikati ya jiji ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Piccadilly. Treni ya Heathrow Express ni ghali kupita zote na haimo katika kikomo cha siku. Mwenye haraka na mwajiri wa kumlipia apande hizo. Kwenye ramani ataona kwamba anaweza kubadilisha treni King's Cross ili aingie njia ya Victoria kuelekea Walthamstow Central, lakini akiwa na masanduku mawili asishuke hapo, maana njia za kutembea ndani ya stesheni hiyo ni ndefu. Aendelee hadi Finsbury Park, ambako majukwaa ya njia hizo mbili yamepakana, na anavuka tu bila kupanda ngazi. Baada ya hapo, kwa safari za kila siku, njia ya Victoria itamfikisha Euston, na kutoka hapo hadi Russell Square ni mwendo wa miguu wa kama dakika kumi, jambo ambalo mimi naliona bora kuliko kuhangaika kubadilisha treni kwa ajili ya kituo kimoja.

Sasa nafuu. Railcard ya 16-25 inatolewa pia kwa mwanafunzi wa muda wote aliyevuka umri huo, hivyo miaka yake 28 si kizuizi. Akishaipata, aende stesheni ya chini ya ardhi amwombe mfanyakazi aiunganishe na Oyster yake, na tangu hapo nauli za treni nje ya saa za msongamano hupungua kwa theluthi moja. Muungano huu haufanyiki kwenye kadi ya benki wala kwenye simu, na ndiyo maana nimesisitiza Oyster. Wapo wanaobeba Railcard mfukoni mwaka mzima huku wakigusisha simu na kulipa nauli kamili. Railcard ikiisha na kuhuishwa, muungano ufanywe upya. Kuna pia Oyster ya mwanafunzi wa miaka 18 na zaidi, inayopunguza asilimia 30 ya bei ya pasi za wiki au za mwezi, lakini pasi inamfaa anayesafiri kila siku asubuhi. Wa uzamili mara nyingi haendi chuoni siku zote tano, kwa hiyo apige hesabu na ratiba yake mkononi kabla ya kujifunga.

Mwisho, asidharau basi. Machi 2023 nauli ilipangwa kuwa £1.75 popote uendako, na ndani ya saa moja tangu kugusisha kwa mara ya kwanza anaweza kupanda mabasi mengine bila kulipa tena. Kwa bei hiyo, nauli tatu, yaani £5.25, ndizo zilizokuwa kikomo cha siku kwa asiyepanda treni. Basi namba 55 linatoka Walthamstow, linapita Hackney na Old Street hadi eneo la Bloomsbury. Ni safari ndefu, saa nzima au zaidi, lakini ghorofa ya juu mtu anasoma kitabu chake kwa utulivu. Hapa hakuna kondakta wa kuita abiria: anyooshe mkono basi linapokaribia, na abonyeze kengele kabla ya kituo chake.

Kutoka: mwanajumuiya, Ilford

Kaka zangu, shikamooni. Naongeza kwa ajili ya wenye watoto, kwani wapo wengine wanaosoma haya kimya kimya. Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa hapa mwaka 1863, na stesheni nyingi zilijengwa bila kumfikiria mama mwenye kigari cha mtoto. Hata leo zile ambazo unaweza kutoka barabarani hadi kwenye treni bila ngazi ni chache kuliko zenye ngazi. Pale Covent Garden, lifti ikiwa na foleni na ukaamua kutumia ngazi, ziko 193. Angalieni ramani ya stesheni zisizo na ngazi kabla ya kutoka nyumbani. Njia ya Elizabeth ina lifti au njia tambarare kila kituo, na mabasi yote ni ya sakafu ya chini, ila abiria mwenye kiti cha magurudumu akija, kigari kinapisha.

Mtoto wa chini ya miaka 11 anasafiri bure kwenye treni za chini ya ardhi akiwa na mtu mzima, hadi watoto wanne kwa mtu mmoja. Wa miaka 11 hadi 15 anahitaji kadi ya picha iitwayo Zip ili basi liwe bure. Wageni waliokuja likizo na watoto wa umri huo wamwombe mfanyakazi wa stesheni aweke punguzo la mgeni kijana kwenye Oyster ya mtoto. Linadumu hadi siku 14 na nauli inakuwa nusu.

Kutoka: mwanajumuiya, Peckham

Maelezo yamejitosheleza. Kwa mpwa wetu naongeza kwamba wakaguzi hupanda treni na mabasi bila taarifa, na tangu 2024 faini ya kukutwa hukulipa nauli ni £100, inayoshuka hadi £50 ukiilipa ndani ya siku 21. Akitozwa nauli ya juu kwa safari ambayo mashine iliikosa, aingie kwenye akaunti aliyosajili Oyster yake na kuomba kurudishiwa, ndiyo maana aisajili siku ileile anayoinunua.

Usiku wa Ijumaa na Jumamosi njia ya Victoria na sehemu kubwa ya Piccadilly hazilali, na siku nyingine yapo mabasi ya usiku. Tarehe 25 Desemba, hata hivyo, treni za chini ya ardhi na mabasi ya jiji hayatembei kabisa. Akialikwa chakula cha Krismasi, aende tarehe 24 na alale huko.